Baisikeli Isiyokwenda Safari

Katika wilaya za Handeni na Korogwe hapana haja ya kumweleza mtu baisikeli ni kitu gani. Kwa miaka mingi Handeni imejulikana kwa shida ya maji, na ingawa katika miaka ya 1970 lilijengwa bomba kubwa la kuvuta maji ya Mto Pangani kutoka upande wa Korogwe, dumu la maji lililofungwa juu ya karia halijapata kuwa kitu kigeni machoni pa mwananchi wa huko. Dumu moja la lita 20 lina uzito wa kilo 20. Madumu sita ni kilo 120, yaani mzigo unaomshinda kwa uzito yule mwenye kuuchukua. Kijana anayetoka kisimani na madumu sita, akiisukuma baisikeli mlimani na kuizuia kwa breki mteremkoni, hana haja ya kuambiwa na daktari kwamba afanye mazoezi ya viungo. Kazi yake ndiyo mazoezi yake, na pengine yamezidi kiasi.

Lakini si kila mtu wa Handeni au Korogwe anayechukua maji kwa baisikeli, wala si kila mfanyakazi anayekata mkonge. Karani hukaa kitini tangu saa moja na nusu asubuhi hata saa tisa na nusu alasiri. Dereva hukaa zaidi ya karani. Fundi cherehani, ambaye zamani miguu yake haikupumzika juu ya ubao wa cherehani, siku hizi mara nyingi amefunga mota ya umeme. Na pikipiki za bodaboda zimewaondolea wengi zile safari za miguu walizokuwa wakizifanya bila kuzihesabu, tangu nyumbani hata kazini, na tangu kazini hata sokoni. Hatulalamiki. Hatuwezi kuilaani pikipiki iliyomfikisha mgonjwa hospitalini usiku wa manane. Twasema tu kwamba miguu iliyopumzishwa inadai malipo yake, na malipo hayo watu wanayalipa kwa maradhi ya shinikizo la damu na kisukari, ambayo wazee wetu waliyahesabu kuwa ni maradhi ya wakubwa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lataka mtu mzima aushughulishe mwili wake kwa kiasi cha wastani dakika 150 hadi 300 kila juma, au dakika 75 hadi 150 ikiwa anajishughulisha kwa nguvu. Dakika 150 ni nusu saa kila siku kwa siku tano. Si nyingi, lakini kwa karani aliyekwisha kuchoka na ambaye nyumbani anangojewa na watoto, nusu saa hiyo haipatikani kwa urahisi.

Ndiyo maana baisikeli za mazoezi, zile zilizosimamishwa mahali pamoja, zimeanza kuonekana katika ofisi na nyumba za watu wa kawaida, wala si katika mahoteli peke yake. Ni kifaa cha kushangaza kidogo kwa mtu aliyezoea baisikeli ya kazi. Kina tandiko, kina usukani, kina pedali, lakini hakina safari. Wapo wanaokicheka. Hata hivyo wazo lake si la jana. Huko London, mwaka 1796, mtu mmoja aliyeitwa Francis Lowndes alipata hati ya uvumbuzi wa mashine aliyoiita Gymnasticon, ya kuchezesha mikono na miguu ya wagonjwa wakiwa wamekaa mahali pamoja. Baisikeli yenyewe ya kwenda njiani ilikuwa bado haijabuniwa.

Moja ya mashine hizo tuliiona katika ofisi moja mjini Korogwe. Ofisi hiyo hatuitaji, wala duka lililoiuza, kwani nia yetu si kumfedhehesha mtu. Wafanyakazi walichanga fedha zao wenyewe, mwezi kwa mwezi, hata zikatimia. Mashine ikaletwa kwa lori kutoka Dar es Salaam, ikafunguliwa kwa shangwe, na juma la kwanza watu walipanga mstari. Tulipofika sisi, miezi mitatu baadaye, juu ya usukani wake palikuwa pameanikwa kanga. Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa akiipanda, naye ni dereva, mtu mrefu.

Tuliuliza kulikoni. Wengine walicheka wakasema ni uvivu wetu tu. Lakini mama mmoja karani, ambaye daktari alikuwa amekwisha kumwonya juu ya shinikizo la damu, hakucheka. Alituambia, “Wanangu, mimi sikuikataa. Yenyewe ndiyo iliyonikataa.”

Tukamwomba atuonyeshe. Akapanda. Tandiko lilikuwa limeshushwa mpaka tundu la mwisho, na bado vidole vyake vya miguu ndivyo tu vilivyoigusa pedali ilipofika chini. Kila alipozungusha, kiuno kiliyumba kushoto na kulia kama cha mtu anayetembea juu ya mawe ya mtoni. Siku ya tatu tangu aanze, alisema, mgongo ulimuuma hata akashindwa kuinama kuwasha jiko. Akaacha, na hakuna aliyemlaumu, ila pia hakuna aliyeuliza kwa nini.

Hapo ndipo ilipo habari yetu ya leo. Watu husema baisikeli ni baisikeli, na mashine ya mazoezi ni mashine ya mazoezi. Aliye na nia atafaidika, asiye na nia hatafaidika. Maneno hayo ni nusu ya kweli. Nia ya mama huyo ilikuwapo tangu mwanzo. Kilichokosekana ni sentimita chache za bomba la tandiko, na aliyezikosesha ni yule aliyeichora mashine akimfikiria mtu wa kimo kingine.

Tuliazima futi ya fundi cherehani wa jirani, tukapima. Toka pedali ikiwa chini kabisa hata juu ya tandiko lililoshushwa mpaka mwisho, palikuwa na sentimita 82. Sasa iko kanuni inayojulikana sana miongoni mwa waendesha baisikeli, iliyotokana na uchunguzi wa Waingereza wawili, Hamley na Thomas, mwaka 1967: urefu huo uwe asilimia 109 ya urefu wa mguu, ukipimwa tangu kinena hata chini pasipo viatu. Mguu wa mama yetu ulipimwa na mwenzake wa kike, ukaonekana sentimita 70. Asilimia 109 ya 70 ni 76 na kidogo. Kwa hiyo mashine hiyo, hata katika unyenyekevu wake wote, ilimzidi kwa karibu sentimita sita. Ukiirudisha hesabu nyuma utaona kwamba mtu yeyote ambaye mguu wake haufiki sentimita 75 hakuwa na nafasi juu yake. Katika ofisi ile walikuwa zaidi ya nusu, na karibu wote ni wanawake. Nao walichanga sawa na wengine.

Asiye na futi aweza kujipima kwa njia rahisi. Akae juu ya tandiko, aweke kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu uwe umenyooka bila kiuno kuinama upande. Kisha asogeze mguu, ile sehemu pana iliyo nyuma ya vidole ndiyo ikae juu ya pedali. Goti litapinda kidogo, kiasi cha digrii 25 hadi 35. Tandiko likiwa chini mno, goti hupinda sana kila mzunguko na kubanwa upande wa mbele, na maumivu yake wanayafahamu vijana wanaoendesha baisikeli za wadogo zao. Likiwa juu mno, ndiyo yale ya mama karani: kiuno chayumba na mishipa ya nyuma ya goti yavutwa. Katika njia, mtu huinuka, hubadili mkao, hushuka na kusukuma. Juu ya mashine iliyosimama mwili hukaa mkao mmoja kwa nusu saa nzima, na kosa dogo la kimo hurudiwa mara elfu moja na mia tano au zaidi. Kwa hiyo baisikeli isiyokwenda yahitaji kumlingana mtu kuliko hata ile inayokwenda.

Dereva naye, ingawa mashine ilimtosha kimo, hakuwa bila lalamiko. Alisema pedali “inakwama-kwama.” Tulimwendesha, tukasikiliza, na kwa hakika mwendo wake ulikuwa wa kuruka-ruka, kama mtu anayetwanga. Sababu yake yataka maelezo kidogo, na maelezo hayo tutayachukua kwa mnoa visu.

Mnoa visu twamfahamu sote. Huisimamisha baisikeli yake kwa stendi pana, gurudumu la nyuma likawa hewani, kisha mkanda hutoka kwenye gurudumu hilo ukaenda kuzungusha jiwe dogo lililofungwa mbele yake. Hukaa juu ya tandiko, huzungusha pedali, na mikono yake miwili hubaki huru kushika kisu au panga. Hiyo ni baisikeli isiyokwenda, iliyokuwapo mitaani kwetu kabla hatujaziona hizi za kioo na taa. Mtazame anavyofanya kazi. Kwanza huzungusha pasipo kugusa kisu, mpaka gurudumu na jiwe vikishika kasi. Ndipo hukiweka kisu polepole. Akikikandamiza mno, miguu yake huzito na gurudumu hutaka kusimama. Akikilegeza, huenda bure. Bila kwenda shule ya uhandisi, mtu huyu amekwisha kujua mambo mawili makubwa ya mashine ya mazoezi: gurudumu linaloweka akiba ya mwendo, na breki inayoipa miguu kazi.

Mguu wa mwanadamu hausukumi kwa nguvu moja mzunguko mzima. Hupata nguvu pedali inapokuwa mbele ikishuka, na karibu hauna nguvu pedali inapokuwa juu kabisa au chini kabisa. Katika sehemu hizo mbili lazima kitu kingine kiivushe pedali. Njiani, kitu hicho ni mwendo wa baisikeli yenyewe pamoja na mtu na mzigo wake: yule kijana wa Handeni na madumu yake sita ni zaidi ya kilo 180 zinazokwenda mbele, na kilo hizo hazisimami kwa sababu tu pedali imefika juu. Katika mashine iliyosimama hakuna kinachokwenda. Kwa hiyo waundaji huweka gurudumu zito, nalo likishika kasi huivusha pedali mahali penye udhaifu. Gurudumu likiwa jepesi na la kwenda polepole, mtu husukuma, hukwama, husukuma tena, na kila mkwamo hupigwa kwenye goti. Huchoka miguu kabla moyo haujapata kazi yake, na moyo ndio uliotuleta hapo.

Wauzaji wanalijua neno hili nusu, na nusu hiyo ndiyo wanayoitangaza: “gurudumu kilo kadha wa kadha.” Mnunuzi asiridhike na kilo peke yake. Akiba ya mwendo hukua kwa kuzidisha kasi mara yenyewe, na uzito ulio ukingoni mwa gurudumu hufaa kuliko ulio katikati. Gurudumu la kilo saba linalozungushwa haraka sana kwa mkanda laweza kulishinda la kilo kumi na tano linalojivuta. Njia ya kweli ya kuchunguza ni kupanda, kukaza breki kiasi, na kuzungusha polepole: pedali ikipita juu bila kusita, mashine ni njema.

Tukija kwenye breki, ziko za namna tatu. Ya kwanza ni ile ya kisu na jiwe, yaani kitambaa kizito au ngozi hukandamizwa juu ya gurudumu kwa kukaza kitasa. Ni rahisi, fundi yeyote aielewa, lakini huisha, huwa na kelele, na ikishapata moto hubadilika ukali katikati ya zoezi. Ya pili ni ya sumaku: sumaku husogezwa karibu na gurudumu la chuma bila kuligusa, na gurudumu hushikwa kama mtu anayetembea ndani ya maji. Hii haili kitu, haina kelele, na uzito wake hubaki ule ule leo na mwakani. Ya tatu ni ya upepo, ambayo gurudumu lake ni feni. Hapa mtu hakazi kitu. Akizungusha haraka ndivyo inavyokuwa nzito, na uzito wenyewe si wa mchezo, kwani mwendo ukiwa mara mbili, kazi huwa mara nane. Vijana huipenda hiyo. Mzee aliyetoka kuugua asiwekwe juu yake pasipo mtu wa kumwangalia.

Ipo sifa moja ambayo twaona ni kubwa kuliko zote, nayo ndiyo inayokosekana sana katika mashine za bei nafuu: kipimo cha kweli. Mwaka 1954 Msweden aitwaye von Döbeln alieleza baisikeli ya kupimia kazi ambayo breki yake ni mkanda uliozungushwa gurudumu na kuunganishwa na mizani. Mwaka huo huo Wasweden wengine wawili, Åstrand na Ryhming, walitoa jedwali la kukadiria uwezo wa moyo na mapafu ya mtu kwa kumpa kazi inayojulikana kiasi chake na kuhesabu mapigo ya moyo wake. Baisikeli za ukoo huo zatumika hata leo katika mahospitali na vyuo vya michezo duniani. Uzuri wake ni kwamba hesabu yake yaweza kufanywa na mtoto wa shule. Kila pedali ikizunguka mara moja, ukingo wa gurudumu husafiri mita sita. Breki ikivuta kwa kilo 2, na mtu akizungusha mara 50 kwa dakika, basi 2 mara 6 mara 50 ni 600. Ni sawasawa na kuinua kilo 600 kimo cha mita moja kila dakika. Tuiseme kwa lugha ya Handeni: ni kuyainua madumu 30 ya maji, moja moja, kutoka chini hadi juu ya meza yenye kimo cha mita moja, na kumaliza yote katika dakika moja, kisha kuanza tena. Mafundi wa umeme wataiita wati 100, kasoro kidogo.

Kwa njia hii mtu ajua leo amefanya nini, na mwezi ujao akiifanya kazi ile ile moyo ukapiga polepole zaidi, ajua kwamba mwili umepata nguvu. Lakini mashine nyingi za madukani zina kioo kinachowaka namba, na namba hizo si za mizani. Ni makisio. Kioo humwambia mtu amechoma kalori mia tatu, naye hajaulizwa uzito wake, wala umri wake, wala kama breki imekwisha kulika. Tumemwona mtu aliyefurahia namba hizo akaenda moja kwa moja kununua chipsi mayai. Kama kioo hakiaminiki, basi mtu na ajipime kwa ulimi wake: kazi ya wastani ni ile ambayo mtu aweza kuzungumza na mwenzake lakini hawezi kuimba, akiweza kuimba, aongeze, na asipoweza hata kuzungumza, apunguze. Ulimi hauhitaji betri.

Wengine wametuuliza kama mashine hizi zisingaliweza kutoa umeme, ili jasho lisipotee bure. Swali ni zuri, lakini hesabu yake yachekesha. Mtambo wa maji wa Hale, uliofunguliwa mwaka 1964 katika wilaya hiyo hiyo ya Korogwe, ulijengwa utoe megawati 21. Ili kuufikia, wangehitajika watu 210,000 wakizungusha pedali kwa wati 100 kila mmoja, mchana na usiku, bila mmoja wao kushuka kwenda kunywa maji. Mto Pangani hauchoki. Tuuachie kazi yake.

Jasho, hata hivyo, lataka kusemwa. Mwili wa mwanadamu ukifanya kazi ya pedali hugeuza kiasi cha robo tu ya nguvu yake, au pungufu ya hapo, kuwa kazi. Iliyobaki ni joto. Anayetoa wati 100 katika pedali hutoa joto la wati 300 au zaidi mwilini mwake, mfano wa pasi ndogo. Njiani, upepo wa mwendo humpoza. Ndani ya chumba cha ofisi, na hasa katika miezi ya joto bondeni Korogwe, hakuna upepo, na jasho hutiririka bila kukauka. Moyo hupiga haraka kwa ajili ya kujipoza wala si kwa ajili ya kazi, na mtu hukata tamaa dakika ya kumi akidhani ni udhaifu wake. Mashine ile tuliyoiona ilikuwa imewekwa katika stoo isiyo na dirisha, karibu na mafaili ya zamani, ati isichukue nafasi. Kuihamishia barazani kwenye kivuli hakugharimu shilingi hata moja.

Yapo na madogo ambayo tutayapitia upesi. Mwanamke aliyevaa kanga au baibui ahitaji mashine ambayo kiunzi chake kimeinama katikati, apite bila kurusha mguu juu, na ambayo mnyororo na gurudumu vimefunikwa kabisa. Pedali zisiachane mno, miguu ikapanuka kama ya aliyempanda punda. Mikono ya pedali aghalabu ni milimita 170 kwa watu wote, na kwa mtu mfupi au mwenye goti bovu iliyo mifupi zaidi humfaa. Mwenye maradhi ya mgongo atafute ile yenye kiti cha kuegemea, pedali zikiwa mbele yake. Haichoshi mgongo, na mzee hapandi wala hashuki kwa shida. Na zile ambazo gurudumu limefungwa moja kwa moja na pedali, hata mtu akiacha kusukuma pedali zinaendelea kumzungusha miguu, zisiachwe mahali wanapochezea watoto, kwani kidole kikiingia hakuna wa kulisimamisha gurudumu kwa haraka.

Swali la bei haliepukiki. Mashine njema ni ghali, na chama cha wafanyakazi cha tawi dogo hakiwezi kuinunua kila mwaka. Lakini mafundi wa Korogwe na Handeni, ambao wameiongezea baisikeli ya kazi karia ya chuma cha nondo na kuitia nguvu hata ibebe kilo 120, hawawezi kushindwa na baisikeli isiyobeba chochote. Fiuremu ya zamani ya baisikeli kubwa ya inchi 28, isimamishwe juu ya miguu minne iliyochomelewa, gurudumu la nyuma livuliwe tairi. Mzingo wa ringi yake ni karibu mita mbili. Kwa meno ya kawaida ya baisikeli hizo, pedali ikizunguka mara moja gurudumu huzunguka karibu mara mbili na nusu, basi ukingo husafiri mita tano. Juu ya ringi ipitishwe kamba, na kamba ya mkonge, kwa jinsi wilaya hizi zilivyoishi kwa mkonge kwa zaidi ya miaka mia moja, haitakosekana. Ncha moja ifungwe kwenye mizani ya kuning'iniza, kama ile anayotumia mnunuzi wa mazao. Ncha ya pili ikazwe kwa uzito mdogo. Tofauti kati ya uzito wa mizani na ule uzito mdogo ndiyo breki. Kilo 2, mara mita 5, mara mizunguko 50: ni 500, yaani madumu 25 kwa dakika. Hicho ni kipimo cha kweli kuliko kioo cha dukani.

Hatusemi kwamba haina kasoro. Kamba hupata moto na kunyonyoka, hivyo yafaa kuangaliwa na kubadilishwa, na ngozi hudumu zaidi. Gurudumu la baisikeli ni jepesi, mwendo wake utakwama-kwama kwa mtu anayezungusha polepole; dawa yake ni kulegeza breki na kuzungusha haraka, au kufunga ringi ya pili kando ya ile ya kwanza. Asijaribu mtu kulijaza sementi, maana gurudumu lililokosa mlingano likishika kasi huitikisa fiuremu nzima, na kipande kikiruka hakichagui wa kumpiga. Lakini tandiko la baisikeli hiyo hupanda na kushuka kwa spana moja, na fundi aliyeiunda yuko mtaa wa pili.

Tukirudi katika ofisi ile ya Korogwe: tulipokuwa tukipima, alikuwapo kijana mmoja wa kuchomea madirisha aliyekuja kudai malipo yake. Akalitazama bomba la tandiko, akalichomoa, akalipindua. Akasema, “Mama, hili linagota chini kwa sababu ni refu bure. Nikate huku, nitoboe huku.” Akaenda nalo. Alirudi kabla ya saa kumi, amekata sentimita sita za chini na kutoboa tundu mbili mpya juu ya zile za zamani, kila moja umbali wa sentimita tatu. Tandiko likashuka hadi sentimita 76.

Mashine ikatolewa stoo ikawekwa barazani. Mama karani aliivua kanga, akaikunja, akapanda. Dakika ya kwanza alitazama miguu yake. Dakika ya tano alikuwa akimweleza mwenzake habari za harusi ya Mombo, sauti ikikatika-katika kidogo lakini maneno yote yakisikika. Dereva alisimama kando akingojea zamu yake, akiwa na spana mkononi kwa ajili ya kulipandisha tena.